Programu ya simu ya chuo kikuu ifunguke na kwetu wenye ulemavu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa vyuo vikuu vya hapa Lubumbashi, na pia na mafundi wanaowatengenezea programu za simu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, sioni tangu utoto, na nasoma katika chuo kimoja cha mji huu. Sitakitaja jina, maana wenzangu wenye ulemavu walio katika vyuo vingine wananieleza mambo yaleyale, na nia yangu si kumwaibisha mtu.

Tangu chuo chetu kihamishie shughuli zake kwenye simu, kila kitu kinapitia humo: kujiandikisha, kulipa minervali (ada ya masomo), ratiba ya kozi, matangazo ya apariteri (ofisi inayoshughulikia wanafunzi), na alama za mitihani. Ukienda ofisini unajibiwa, "Iko kwenye programu." Kwa mwanafunzi anayeona hiyo ni nafuu kubwa. Hapangi tena foleni juani, hatoki Ruashi wala Katuba kwa teksi kuja kutazama karatasi moja. Kwetu sisi mlango wa zamani umefungwa, na huu mpya haujafunguka.

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba asiyeona anatumia simu ya kugusa, kwa hiyo nieleze kwanza. Ndani ya simu nyingi za Android mna kisoma skrini kinachoitwa TalkBack. Kwenye iPhone kuna VoiceOver, tangu mwaka 2009. Havinunuliwi, vimo tayari. Unapitisha kidole juu ya kioo, na sauti inakutajia kilicho chini ya kidole. Ukikitaka, unagonga mara mbili. Ndivyo ninavyoandika barua hii, ndivyo ninavyofuata mazungumzo ya promosheni yetu, yaani wenzangu wa mwaka mmoja wa masomo, kwenye WhatsApp, na ndivyo ninavyotuma feza kwa mama bila kumwomba mtu macho yake. Umeme ukikatika, nauzima kabisa mwanga wa kioo na kuendelea kusoma gizani, na betri yangu inakwenda mbali.

Lakini kisoma skrini hakina macho. Kinasoma maandishi ambayo fundi ameyaweka nyuma ya kila alama. Fundi akichora nyumba ndogo kuwa alama ya ukurasa wa mwanzo, asiipe jina, mimi sisikii "mwanzo". Nasikia "kitufe". Basi.

Tuchukue ukurasa wa malipo wa programu yetu. Juu kuna mshale wa kurudi nyuma: nasikia "kitufe". Kando yake kuna alama nyingine: "kitufe". Katikati zimepangwa njia za kulipia, kila moja imechorwa kwa nembo tu: "picha, picha, picha". Chini kabisa kuna pa kuthibitisha: "kitufe". Mwanafunzi asiyeona anatakiwa agonge mojawapo halafu asubiri kujua feza ya wazazi wake imekwenda wapi. Hiyo ni feza iliyokusanywa miezi mingi, ya mama anayeuza unga sokoni au ya baba anayengoja mshahara uliochelewa.

Akifaulu kupita hapo, unakuja msimbo kwa SMS, na anatakiwa auandike kabla dakika haijaisha. Anayeona huutupia jicho juu ya kioo akaunakili. Mimi lazima nitoke kwenye programu, nifungue ujumbe, nisikilize tarakimu moja moja, nirudi. Nikirudi nakuta programu imeanza upya na msimbo umekufa. Na mara nyingine, ili kuthibitisha kwamba mimi ni mtu na si mashine, naambiwa nichague picha zote zenye pikipiki. Hakuna kitufe cha kuomba njia nyingine, na kama kipo, hakina jina.

Zikifika alama za mitihani, ndiyo mwisho wa safari. Orodha huchapwa kwenye karatasi, hupigwa muhuri na kutiwa sahihi, kisha mtu huipiga picha na kuiweka ndani ya programu. Kisoma skrini kinasema "picha" na kunyamaza.

Hapo ndipo husikia sauti ya kijana wa promosheni ya chini, mwenye moyo mwema kabisa: "Yaya, leta simu nikusomee." Nampa. Anasoma jina langu, anasoma kozi na alama kwa sauti, na wote walioketi karibu wanasikia. Ili afike huko nimekwisha kumtajia neno langu la siri. Siku ya kulipa nalitaja tena, pamoja na nambari ya siri ya akaunti ya feza, kwa mtu mwingine aliyekuwa karibu siku hiyo. Sina neno baya kwa wanaonisaidia. Bila wao nisingefika mwaka huu wa masomo. Ila nataka wakuu waelewe wanachokiita msaada wa wenzetu ni kitu gani. Ni mwanafunzi kulazimika kuweka alama zake, deni lake na feza yake mikononi mwa yeyote aliyepita, wakati mwenzake anayeona anafungua simu peke yake chini ya mti, anatabasamu au analia, na hakuna anayejua.

Hili linaniuma zaidi kwa sababu programu ya simu ndiyo ingeweza kutuondoa hapo. Zamani matokeo yalibandikwa kwenye valvu, yaani ubao wa matangazo, watu wakasukumana mbele ya ubao, na asiyeona akasimama nyuma akingoja mtu ampigie kelele alama zake juu ya vichwa vya wengine. Tulivumilia kwa kuwa karatasi haiwezi kusema. Simu inasema. Kwa mara ya kwanza ilikuwa inawezekana mwanafunzi asiyeona ajue matokeo yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Nafasi hiyo ilikuwapo siku programu ilipoanza kuchorwa, na ilipotea kwa sababu hakuna aliyetuita.

Wala si sisi wasioona peke yetu. Dada mmoja wa fakalte nyingine ana ualbino, anaona kwa shida. Simu yake ameiongezea ukubwa wa herufi, lakini programu ya chuo inakataa kumfuata: ama herufi zinabaki ndogo vilevile, ama maneno yanakatika katikati na kitufe cha chini kinafichika. Herufi zenyewe ni za kijivu juu ya weupe, na nje kwenye jua la mchana hata wenye macho mazima hukunja uso. Aliye kiziwi anaambiwa kwamba akipata tatizo apige simu kwenye nambari fulani, na video ya kufundisha jinsi ya kujiandikisha haina maandishi hata mstari mmoja. Mwenye mikono inayotetemeka anagonga "futa" alipotaka "hifadhi", kwa kuwa vimebanana. Aliyelipa huonyeshwa kijani na asiyelipa nyekundu, bila neno lolote, kana kwamba hakuna watu wasiotofautisha rangi hizo mbili.

Kanuni za kazi hii zipo na zinasomwa bure. W3C, shirika la kimataifa linalopanga viwango vya wavuti, lilitoa WCAG 2.0, mwongozo wake wa kufanya kurasa zitumike na wenye ulemavu, mwaka 2008, likauongeza mwaka 2018 na tena Oktoba 2023. Mafundi wa programu za simu nao wanautumia. Humo fundi ataona kwamba maandishi ya kawaida yanatakiwa kutofautiana na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, kwamba rangi peke yake isibebe habari, kwamba mtumiaji apewe njia ya kuongeza muda, kwamba kila picha yenye maana iwe na maelezo yake. Kwenye Android, kukipa kitufe jina ni mstari mmoja wa maandishi. Google inatoa bure programu ya ukaguzi, Accessibility Scanner, inayopita juu ya ukurasa na kuonyesha vitufe visivyo na jina, vilivyo vidogo mno na herufi zilizofifia. Hata hivyo isitegemewe peke yake. Mashine inajua kama kitufe kina jina, haijui kama jina hilo lina maana. Nimewahi kukutana na kitufe kilichoitwa "image23".

Sasa sheria, kwa kuwa ndiyo ninayosomea. Katiba ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya 18 Februari 2006, ibara ya 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yake. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja wazi teknolojia ya habari na mawasiliano, ya 24 inagusa elimu hadi ya juu, na ya 22 inalinda siri za maisha ya mtu. Kisha ikaja sheria nambari 22/003 ya 3 Mei 2022, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu hapa kwetu. Maprofesa wetu wanatufundisha maandiko haya darasani. Tunaomba yafike na kwenye ofisi inayosimamia programu.

Najua jibu ninaloweza kupewa: ninyi ni wachache, na feza ya chuo haitoshi hata kwa viti vya auditwari. Juu ya uchache, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya sita duniani, wana ulemavu mkubwa. Wakionekana wachache katika vyuo vyetu, wakuu wajiulize wangapi waliishia mlangoni. Juu ya feza, jambo hili linakuwa ghali likiachwa hadi mwisho. Chuo kinapoandika mkataba na fundi, kiweke ndani yake kwamba programu lazima itumike kwa TalkBack na VoiceOver, na malipo ya mwisho yasitoke kabla wanafunzi wenye ulemavu hawajaijaribu. Hilo liwe kwa kila toleo jipya pia, maana kilichotengenezwa mwezi huu huharibika mwezi ujao fundi anapobadilisha sura ya ukurasa bila kujua alichokigusa.

Sidai kwamba yote ni mepesi. Fomula za hesabu, michoro ya jiolojia, ramani, vinahitaji kazi ya kweli na watu waliosomea, na tutavumilia. Lakini kuandika alama kama maandishi, mahali pa picha ya karatasi, hakuhitaji mtaalamu. Orodha hiyo ilichapwa kwenye kompyuta kabla ya kutolewa kwenye karatasi! Ibaki na muhuri wake kwa wanaoutaka, na kila mwanafunzi aone mstari wake mwenyewe kwa maandishi, ndani ya akaunti yake. Hilo lingewapendeza hata wanaoona, ambao leo alama zao zinasomwa na promosheni nzima.

Na hadi programu itakapokuwa sawa, dirisha moja la ofisini libaki wazi kwa yule ambaye simu imemshinda, akiwa na mfanyakazi aliyeapa kutunza siri. Asije mtu kupoteza mwaka kwa sababu kitufe hakikuwa na jina.

Usajili wa mwaka mpya unakaribia. Sisi wanafunzi wenye ulemavu wa fakalte mbalimbali tuko tayari kuja na simu zetu, kuketi na fundi, na kupita naye ukurasa mmoja mmoja. Hatuombi malipo. Tunaomba tuitwe kabla usajili haujafunguliwa, na mwito wenyewe uandikwe kama maandishi ya kawaida, usiwe picha ya barua, ili tuusome wenyewe.

Mwanafunzi wa sheria,
Katuba, Lubumbashi