Msing'oe majina kwenye mapaji ya maduka ya Tanga

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba historia ya Tanga iko kwenye Boma la Mjerumani na mnara wa saa, na kwamba maduka ya zamani ya katikati ya mji ni maduka tu, yapigwe plasta upya mambo yaende. Mimi ni mwandika mabango. Riziki yangu yote imetoka kwenye sura za maduka, kwa hiyo naomba nafasi nimjibu.

Kwamba duka nalo ni historia, mfano nautoa mbali: Marekani walikuwa na maduka ya senti tano na senti kumi, biashara ileile ya vijana wetu wa "kila kitu jero" hapa Ngamiani, ila wao walikuwa na nyumba. Frank Winfield Woolworth alianza mwaka 1879. Duka la Utica, New York, lilimfia mapema. La Lancaster, Pennsylvania, ndilo lililomtoa. Alipanga bidhaa wazi mezani, mteja ashike mwenyewe na kuona bei, bila kumsumbua muuzaji ateremshe kitu rafuni. Kwa vijisenti hivyo alisimamisha New York jumba lililokamilika 1913, mita 241 kwenda juu, refu kuliko yote duniani hadi 1930. Ujenzi uligharimu dola milioni 13.5, na alilipa taslimu.

Lakini mimi namhusudu zaidi mshindani wake, Samuel Kress. Kati ya 1929 na 1944 kampuni yake ilikuwa na msanifu majengo aitwaye Edward Sibbert, aliyechora maduka zaidi ya hamsini kwa mtindo wa Art Deco, yaani ule wa mapambo ya mistari na maumbo ya kijiometri uliovuma miaka hiyo. Duka la kuuza sindano na vitana, lakini ukutani kuna vigae vya udongo wa kuchoma vilivyong'arishwa kwa rangi! Vioo vya mbele vinapinda kuelekea mlangoni, mpita njia anaangalia bidhaa huku anasogea, akishtuka yuko ndani. Na juu kabisa, kwenye paji la nyumba, neno KRESS. Halikuwa bango la kutundika. Lilijengewa humo humo ukutani. Kampuni ilishakufa zamani, na lile duka la fahari la barabara ya Fifth Avenue, New York, lilibomolewa 1980, lakini katika miji mingi nyumba zake zina wapangaji wengine kabisa na jina bado liko pale juu.

Sasa vuka reli uingie mjini kwetu, uinue macho juu ya mabango ya simu na soda. Utaona jina la mwenye nyumba na mwaka, vimetokezwa kwa plasta. Nyingi ni hela za mkonge zilizopitia kaunta za maduka hayo.

Mwezi jana niliitwa kupaka duka moja rangi za kampuni. Nikamkuta mwashi keshapanda jukwaani na nyundo na patasi, kaambiwa asawazishe paji ili bango likae vizuri. Jina lilikuwa limekwisha kwenda. Mwaka 1938 ulikuwa bado. Ile 3 ina kichwa bapa, na kingo zake zimekatwa mshazari ili maji ya mvua yasituame. Mimi 3 yangu ya brashi naiandika hivyohivyo mpaka leo. Niliiiba kwenye kuta hizo ujanani. Nilimsihi mwenye duka, akacheka. Kazi ile niliiacha.

Wapo wanaoniambia majina hayo ni ya watu ambao nyumba zao zilitaifishwa 1971, ya nini kuyalea? Nawajibu kwa Greensboro, North Carolina. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya Woolworth, iliyohudumia wazungu tu, wakakataa kuondoka. Duka lilipofungwa 1993 ikatakiwa nyumba ivunjwe yaegeshwe magari. Wenye mji wakasimama kidete, na tangu 2010 ni makumbusho, kaunta na stuli zake zikiwemo. Hawakuitunza kwa sababu mwenye duka alikuwa mwema.

Ombi langu kwa halmashauri ya jiji ni dogo. Kwenye kibali cha bango liongezwe sharti kwamba lisipande juu ya kilele cha mlango na lisifunike jina wala mwaka. Na Shirika la Nyumba, ambalo lina baadhi ya majengo haya, liwaambie mafundi wake kuta za mawe na chokaa zipakwe chokaa. Ukizipaka rangi ya mafuta zinafungiwa unyevu ndani, plasta inavimba, kisha tunasema nyumba imezeeka.

Herufi zilizokwisha kung'olewa zinarudishika: chokaa, mchanga laini na kalibu ya ubao. Bei tutaelewana.

Mwandika mabango,
Ngamiani, Tanga