YAH: Malalamiko Kuhusu Utepe wa Joto Bandia na Kazi Mbovu kwenye Heda ya Ekzosi

Nkuhungu, Dodoma
21 Oktoba 2024

Meneja Mkuu,
Duka la Vipuri na Gereji,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu ya mauzo mmeyabandika wenyewe nyuma ya kaunta, sina haja ya kuwasomea. Naanza na Jumanne ya tarehe 15 Oktoba, maana ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Siku hiyo niliweka juu ya kaunta yenu kipande cha utepe wa kuzuia joto ambao fundi wenu aliufunga kwenye heda ya gari langu, yaani yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini. Urefu wake kama kiganja, kimekakamaa, kila ukikigusa kinamomonyoka. Nilimwonyesha msimamizi wenu pale nilipokikata kwa mkasi: juu kahawia, ndani nyeupe. Utepe wa basalti, yaani jiwe la volkano, ule mnaouuza kwa jina la titani, ni kahawia mpaka kiini chake, kwa kuwa rangi ile ni ya jiwe lenyewe. Ndani kukiwa kweupe, hizo ni nyuzi za kioo zilizopakwa rangi. Msimamizi hakukishika. Alikisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka kikaanguka sakafuni, akamwambia kijana akizoe, kisha akasema mbele ya wateja: "Mama, nenda kamlete mwenye gari tuongee naye."

Mwenye gari ni mimi. Jina langu ndilo lililo kwenye kadi ya gari na ndilo mliloandika kwenye stakabadhi ya Jumamosi tarehe 12.

Tofauti ya tepe hizo si ya rangi. Utepe wa kawaida wa nyuzi za kioo huvumilia joto la mfululizo la takriban sentigredi 540. Wa basalti hufika kwenye 980, na ndiyo namba iliyochapwa kwenye mfuko niliolipia shilingi 180,000. Moshi wa injini ya petroli ikiwa na mzigo huvuka sentigredi 700 bila shida, na gari linalokwenda Iringa lazima lipande milima ya Nyang'oro. Kioo kikizidiwa na joto hukakamaa, hukatika, kisha mtikisiko wa injini unamalizia. Ndicho kilichotokea Jumapili.

Hata kama utepe ungekuwa halisi, kazi yenyewe isingedumu. Roli ni mita 10, upana milimita 50. Mabomba ya heda ni manne, kila moja kama sentimita 60, unene milimita 38, yaani mzunguko wa sentimita 12. Kila raundi ikipanda juu ya mwenzake kwa milimita 6, mita moja ya bomba hula utepe usiofika mita 3. Mabomba yote manne yanamaliza kama mita 7, na inayobaki inatosha pale yanapokutana. Fundi wenu alipandisha nusu kwa nusu, mita moja ikala karibu mita 5. Roli likaisha bomba la nne likiwa limefunikwa sentimita 20 tu, akanifuata nje kuniambia ninunue roli la pili. Kufunga mara mbili si kuongeza ubora. Joto linakwama kwenye chuma, na chuma cha heda kikipikwa hivyo kila siku kinalika na kupasuka.

Aliufunga ukiwa mkavu. Utepe wa kioo hulowekwa kwanza, ukamuliwe, uvutwe ukiwa na unyevu ndipo ukae na kubana. Pia vumbi lake halipeperuki. Kijana aliyekuwa akimsaidia alikuwa mikono mitupu, anajikuna mpaka kwenye viwiko. Mnunulieni glavu na barakoa yule mtoto.

Mwishoni mwa kila bomba alifunga waya wa kufungia nondo. Kwenye mfuko mlikuwa na vibano 10 vya stenlesi, nilivihesabu mwenyewe kabla gari halijaingia. Viko wapi? Waya ule unashika kutu na kulegea, na utepe uliolegea unafumuka wote.

Heda yangu ni ya chuma cha kawaida, si stenlesi. Niliomba isuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuvumilia moto kabla ya kufungwa, maana utepe hushika unyevu na kutu inakula chini yake bila kuonekana. Nilijibiwa kwamba Dodoma ni kukavu. Mvua za Desemba je? Na gari halioshwi?

Sensa ya oksijeni, kile kifaa kinachopima moshi wa ekzosi, walifunika pamoja na waya wake. Pale panaachwa wazi, na waya unafungwa mbali na bomba. Sasa ganda la waya limeyeyuka na taa ya injini haizimiki.

La hatari kuliko yote ni oili. Kabla hawajaanza niliwaambia gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini, inavuja oili, ibadilishwe kwanza. Gasketi hiyo ipo kwenye stakabadhi, shilingi 35,000. Haikubadilishwa. Utepe unanyonya oili kama utambi, na utambi uliofungwa kwenye heda ni moto unaosubiri kuwaka. Nilipopiga simu Jumapili jioni, fundi alisema moshi ni kawaida, utaisha. Moshi wa utepe mpya naujua: ni mweupe, hutoka mara ya kwanza injini ikipata moto, na baada ya nusu saa hivi unapungua. Huu unarudi kila injini ikichemka na unanuka oili. Jumatatu ilikuwa Siku ya Nyerere, mmefunga, nikaja Jumanne.

Haya yote ningeyaeleza kwa dakika tano kama ningesikilizwa. Badala ya kusikilizwa nilipewa ncha ya kalamu. Narudia ili mlione sawasawa: kipande kilikuwa mbele yake, mkasi upo, mwanga upo, angeweza kukitazama. Alikisukuma kama mtu anayesukuma mende aliyekufa. Kikaanguka karibu na kiatu changu. "Mama, nenda kamlete mwenye gari." Mwanaume aliyekuwa nyuma yangu akacheka, na msimamizi wenu akamgeukia: "Karibu kaka, nikusaidie nini?" Mimi bado nimesimama pale, stakabadhi mkononi.

Nilipoanza barua hii nilitaka fedha zangu tu: utepe 180,000, ufundi 60,000, gasketi 35,000, jumla shilingi 275,000. Sasa nataka pia sensa mpya pamoja na waya wake, kwa gharama yenu. Nataka utepe wote utolewe, heda ikaguliwe nami nikiwepo, na ikiwa imepasuka mnunue nyingine. Nataka pia msimamizi huyo aniombe radhi pale pale kaunta, saa za kazi, wateja wakiwepo.

Nawapa siku saba tangu kupokea barua hii. Baada ya hapo napeleka malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, nikiambatanisha mfuko wenu ulioandikwa 980 na kipande kile. Kijana aliyetumwa kukizoa alinipa mlangoni, nacho kipo kwangu. Stakabadhi yenu imeandikwa kwa mkono, haikutoka kwenye mashine ya risiti za kodi ya EFD. Hilo nalo TRA watalisikia, na siku saba zikipita bila jibu sitapokea simu yenu ya kuniomba nisubiri.

Mteja wenu, mwenye gari.