Jezi yako nimeifua

Kigoma, Julai 2025

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani kuna msiba huko chuoni. Kumbe ni kiungo wenu Aziz Ki kwenda Wydad ya Morocco! Unasema Yanga imekwisha, msimu ujao hutatazama mpira, na ile jezi ya njano uliyoiacha hapa nimpe yeyote anayeitaka. Mtu aliyebeba ubingwa wa nne mfululizo juzi tu analia namna hii, sasa sisi wa Simba tulie vipi?

Unaikumbuka fainali ya Simba na Yanga, ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, tarehe 25 Julai 2021, walipotuletea hapa hapa Uwanja wa Lake Tanganyika? Ulikuwa kidato cha tatu. Lwanga alipotufungia lile bao moja, ulikaa ukaficha uso magotini, nikakununulia soda ukaikataa. Mimi nilirudi nyumbani naimba. Furaha yenyewe haikumaliza mwezi na nusu: Chama akaenda RS Berkane, Luis Miquissone akaenda Al Ahly.

Kule Kibirizi, kwenye chanja za dagaa, wana Simba tukagawanyika. Mzee mmoja mwenye mtumbwi akasema tumekwisha. Nikamwambia ana roho ya kichawi. Hoja yangu ilikuwa moja tu, kwamba Simba ni kubwa kuliko mchezaji, na Bocco, mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, si bado tunaye? Tukawekeana dau la ndoo ya dagaa. Oktoba wakaja Jwaneng Galaxy, ambao tulikuwa tumewafunga 2-0 kwao Botswana, wakatupiga 3-1 Dar es Salaam na kututoa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mabao ya ugenini. Msimu ukaisha Yanga bingwa bila kupoteza mechi hata moja. Ndoo yangu ikaondoka.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Bocco alibaki, lakini waliokuwa wakimlisha waliondoka wawili kwa mkupuo. Wewe umekulia ziwani, unajua: wavu uwe mzima namna gani, bila taa dagaa hawapandi.

Sasa linganisha na mshambuliaji wenu Mayele, mwaka 2023. Mabao 17 ya ligi, mengine 7 Kombe la Shirikisho Afrika, halafu huyo, Pyramids ya Misri. Ulilia hata siku ile, usikatae, ugali wangu ulilala kwenye sahani. Lakini safari ile aliondoka mvuaji, taa zikabaki. Huyo huyo Aziz Ki aliyekuwa akipika mabao akafunga 21 msimu uliofuata. Tarehe 5 Novemba mkatufunga 5-1, na hapo sina la kuongeza.

Kwa hiyo sitakwambia usiwe na wasiwasi. Safari hii iliyoondoka ni taa, wasiwasi wako una msingi. Ila uhesabu vizuri. Msimu uliopita washambuliaji wenu, Mzize alifunga 14 na Dube 13. Aziz Ki hakuwa tena yule wa mabao 21. Na tarehe 25 Juni, mlipotufunga 2-0 (mkono unauma kuandika haya), yeye alikuwa ameshahamia kwa Wamorocco. Pacôme akafunga, Mzize akafunga. Siku Pacôme, taa yenu iliyobaki, naye akiondoka, nitumie huo ujumbe wa msiba, nitaupokea kwa mikono miwili na nitajitahidi nisicheke.

Kuna kitu kingine kimekuwa kikinikera tangu mwaka ule. Yule mzee wa Kibirizi, siku Galaxy walipotutoa, alicheka. Timu yake mwenyewe! Watu wameshika vichwa, yeye anazunguka kwenye vibanda akisema, "Si niliwaambia?" Nikamtazama, nikaona kwamba alikuwa akiingoja siku ile. Alishajililia Agosti ili Oktoba isimuume, na ilipofika akawa hana hata timu ya kuilia, ana ubishi wake tu alioshinda. Mimi nilipoteza ndoo, nikalala na njaa ya hasira, lakini ule usiku nilikuwa bado Simba. Ujumbe wako ulinikumbusha sauti yake, ndiyo maana nimekaa kuandika barua ndefu hivi badala ya kukupigia.

Baba yako anakusalimu. Yeye anasema mpira ni wa watu wasio na kazi, lakini jana nimemkuta kwenye kibanda umiza.

Nimempa dereva wa basi mfuko wako, una dagaa kilo tatu na mawese. Jezi namba 10 sijampa mtu. Nimeifua, nimeifunga kwenye nailoni mbili, nimeiweka katikati ya mfuko. Ikinuka dagaa, ivae hivyo hivyo.

Mama yako