Barua kwa mwanangu: hatua kumi za mtaro

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, pamoja na swali lako kuhusu watoto. Unasema mnataka waanze kujitolea mtaani pamoja nanyi, na kwamba mmefikiria kupeleka zawadi kwenye makao ya watoto. Zawadi si mbaya, nitaigusia hapo chini. Lakini kwa watoto wa miaka 5, 9 na 13, mimi ningeanza na mtaro ulio mbele ya ploti yenu. Wanaupita kila siku wakienda shule. Wakiuzibua Jumamosi, mvua ikinyesha wataona maji yakipita, na baada ya wiki mbili wataona chupa zimeanza kurudi. Vyote viwili vina la kufundisha. Makao watayaona mara moja kwa mwaka, tena kupitia dirisha la gari.

Fanyeni Februari, kabla mvua za masika hazijaanza Machi, kisha mrudie Septemba kabla ya vuli. Mtaro mkavu unaonyesha kilichomo. Ukishajaa maji, vigae vya chupa havionekani. Na ukikuta maji ya kijivu yananuka kama choo, hayo ni majitaka yaliyofurika. Watoto hawaingii hapo hata na gambuti. Piga ripoti kwa kampuni ya maji, mhamie kipande kingine.

Usiwaambie "tunasafisha mtaro". Mtaro wa Nairobi hauna mwisho, na mtoto asiyeona mwisho huchoka kabla hajaanza. Pimeni hatua kumi za baba yao, mweke jiwe huku na jiwe kule. Anzeni saa moja u nusu asubuhi, saa tatu mwache, hata zikibaki hatua mbili. Kitindamimba anaachiliwa mapema zaidi, dakika 40 zinamtosha.

Kuhusu vifaa, tatizo la kwanza ni glavu. Za mtu mzima humvuka mtoto mkononi, na akishaziokota mara mbili kwenye tope hazivai tena. Tafuteni za mpira za saizi ndogo. Halafu sepetu moja, reki moja, koleo la jikoni mlilolistaafisha, na kila mtoto awe na ndoo yake ya lita 5. Taka wekeni kwenye magunia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini hata ingekuwepo, gunia lililosokotwa huchuja maji na taka zikawa nyepesi. Msijaze gunia zaidi ya nusu.

Tope ni zito kuliko linavyoonekana. Ndoo ya lita 20 iliyojaa tope bichi hupita kilo 30, ndiyo maana watu huumia mgongo wakidhani wanabeba maji. Wa kati abebe nusu ya ndoo yake ndogo, basi. Kifungua mimba anaweza kushika sepetu kwa zamu na baba yake. Kitindamimba asimame ukingoni, kazi yake vifuniko vya chupa peke yake, avihesabu na kuvitenga kwa rangi. Utadhani ni mchezo, lakini ndivyo vitu vidogo vinavyoziba chujio la daraja.

Sasa nisikilize kwa makini hapa. Wembe, sindano, vigae na nepi haviguswi na mtoto yeyote. Akiviona, ainue mkono, asimame alipo, asisogeze mguu. Mtu mzima aje na koleo. Chenye ncha kiingie kwenye mtungi mgumu wa plastiki wenye kifuniko, kamwe kisitiwe kwenye gunia. Sindano hutoboa gunia, na anayechomwa ni kijana wa taka anayelibeba likigusana na paja lake. Fanyeni mazoezi nyumbani Ijumaa jioni: ficha kijiko chini ya magazeti, uone nani atakumbuka kuinua mkono na nani atakirukia. Atakayekirukia Ijumaa ndiye wa kukaa karibu nawe Jumamosi.

Kosa ambalo karibu kila kikundi hufanya ni kuacha tope ukingoni likauke. Mvua ya kwanza hulirudisha lote ndani, na mtaa mzima hulaumu kaunti. Zungumza na vijana wa taka tangu Jumatano, mwelewane bei kwa kila gunia, na uwaulize wanalipeleka wapi. Bei ikiwa rahisi mno, gunia litaishia kwenye kona ya barabara ya pili. Kifungua mimba ndiye ashike hizo pesa na awalipe mwenyewe, akishukuru kwa jina. Somo la kuheshimu kazi ya mtu liko hapo kuliko kwenye sepetu.

Mkimaliza, glavu zioshwe kwa sabuni zikiwa bado mkononi, ndipo zivuliwe. Kisha mikono hadi viwikoni. Chai na mandazi baada ya hapo.

Siku za mgao wa maji kuna kazi nyingine ndogo isiyohitaji maandalizi: jirani mzee asiyeweza kupandisha maji ghorofani. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, si mzigo wa mtoto wa miaka 9. Mpe chupa za lita 5, moja kila mkono, apande mara mbili. Abishe hodi, aulize maji yawekwe wapi, asijiamulie. Wazee hawapendi kusaidiwa kama mizigo.

Kuhusu makao: piga simu kwanza uulize kilichopungua. Desemba huletewa nguo na mchele kupita kiasi, Februari sodo na sabuni za kipande zikiwa hazipo. Usipeleke chakula kilichopikwa bila kukubaliana nao. Na simu zibaki mfukoni, maana Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha ya mtoto, na wako usingependa awe picha ya mtu mwingine.

Mambo mawili ya mwisho, ambayo ni yako wewe na mume wako. Kazi hii isiwe adhabu ya mtoto aliyekosa, na isilipwe. Na mtoto akiacha majani matatu kwenye kipande chake, usiyaokote akiona. Rwanda wana Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na nguvu yake naiona kwenye ile siku isiyohama. Nanyi chagueni yenu muiandike kwenye kalenda ya jikoni, la sivyo kila wiki mtaanza kubishana upya.

Reki yangu iko kwenye stoo, mpini wake umelegea. Mkija kuichukua, njooni na msumari wa inchi mbili.

Mamako