Mume wangu ni rubani, halali usingizi, na anaogopa kumwona daktari

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Pangani na mume wangu ni kapteni katika shirika dogo la ndege hapa Marekani. Mama mkwe alifariki mwezi wa Rajabu, na kwa sababu ya ratiba ya kazi mume wangu hakuwahi mazishi wala arobaini. Tangu hapo usingizi umempotea: huamka saa nane za usiku akakaa jikoni gizani mpaka alfajiri, chakula hukionja tu, na watoto wakimsemesha hujibu kwa mara ya pili. Siku ambazo hajalala kabisa huomba ruhusa ya ugonjwa akisingizia mafua, jambo ninalomshukuru, lakini ruhusa nazo zina mwisho.

Nilipomsihi aende kwa daktari alinionyesha fomu ya uchunguzi wa afya. Kapteni aliyetimiza miaka 40 hupimwa kila baada ya miezi 6, na fomu humtaka aeleze wataalamu wa afya aliowaona katika miaka 3 iliyopita, na kama amewahi maishani mwake kupatwa na sonona au ugonjwa wa wasiwasi. Akidanganya, ni kosa la jinai lenye faini ya hadi dola 250,000 au kifungo cha hadi miaka 5. Akisema kweli, cheti chake cha afya, ambacho bila hicho haruki, chaweza kuzuiliwa kwa miezi mingi huku vipimo vingine akijilipia mwenyewe, naye hulipwa kwa saa anazoruka. Asiyemwona daktari hana cha kuandika, na huyo ndiye anayeendelea kurusha abiria.

Sisemi masharti yafutwe. Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, alimfungia kapteni wake nje akaiangusha ndege katika milima ya Alpi nchini Ufaransa, watu 150 wakafa. Na sisi Waafrika hatujaisahau ndege ya Msumbiji iliyoangushwa na kapteni wake huko Namibia mwaka 2013 ikiwa na watu 33. Lakini yule wa Germanwings alikuwa akitibiwa, aliandikiwa apumzike, akamficha mwajiri. Na wachunguzi wa Ufaransa walitaja hofu ya kukosa kipato kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kumfunga rubani mdomo. Ndiyo hofu hiyo hiyo ninayoiona jikoni kwangu.

Najua kwamba tangu 2010 Marekani inawaruhusu marubani wengine kuruka huku wakitumia dawa fulani za sonona, baada ya muda wa kungoja na kuchunguzwa. Mume wangu anajua pia, ila hukumbuka ada ya shule na fedha tunazotuma Pangani. Chama chao kina marubani wa kujitolea wa kuwasikiliza wenzao. Amekataa, akisema maneno ya marubani hayakai.

Miadi yake ya kupimwa ni baada ya wiki tatu. Je, nimshikilie amwone mshauri wa waliofiwa kabla ya siku hiyo, au nitakuwa nimemwongezea la kuandika? Je, yupo mtu anayeijua sheria hii ambaye tungeweza kumuuliza kwa siri, kabla jina lake halijaingia kwenye faili lolote? Na akiendelea kukataa, akavaa sare asubuhi ambayo mimi najua hakulala, nifanye nini mlangoni?

Mke wa kapteni,
Marekani