Chemba siyo kodi, shoga

Kirumba, Mwanza

Mama Kulwa, shoga yangu,

Salaam nyingi. Huku wazima, ila mvua imeshika na dagaa hawakauki. Tuyaache hayo. Ule ujumbe wako kwamba chemba ya wafanyabiashara niliyokuambia tujiunge ni kodi nyingine iliyobadilishwa jina umenikaa moyoni.

Chemba siyo serikali. Kodi ni TRA, jina la biashara BRELA, leseni halmashauri. Chemba ni sisi: wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima tunaojiunga kwa hiari, tunalipa ada na kuchagua viongozi wetu. Hii yetu, TCCIA, yaani Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo Tanzania, ipo tangu 1988.

Unaukumbuka mzigo wa dagaa wa Baba Doto uliokuwa unakwenda Kongo? Lori lilizuiwa mpakani, anadaiwa cheti cha uasili wa bidhaa, naye hajawahi hata kukisikia. Turubai likavuja. Alipofungua viroba dagaa wameota ukungu, wanawaka mkononi kwa joto, akawatoa kwa watu wa chakula cha kuku. Iliniuma, maana cheti cha kuonyesha bidhaa imetoka Tanzania chemba wanatoa! Kwa nchi tulizokubaliana nazo, mnunuzi hupata na nafuu ya ushuru. Angekuwa na mtu wa kumwambia tu.

Halafu kuna Baraza la Biashara la Mkoa. Mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa, na sekta binafsi inakaa mezani. Mambo ya ushuru, ya mitaro ya soko letu la Mwaloni, ya chanja za kuanikia dagaa, pale ndipo pa kuyasema. Tukienda mmoja mmoja ofisini tunaambiwa njoo kesho, unajua mwenyewe. Lakini chemba wanaotusemea pale watasema nini kama sisi wa dagaa hatumo kwao? Wa minofu ya samaki watasema ya minofu, na wana haki. Ndiyo maana nakung'ang'ania wewe ujiunge, kwa sababu ukisimama kuongea watu wanasikiliza.

Na yule Baba Doto bado ana deni la lile lori, basi tu.

Sasa nijibu. Leseni yako bado hai? TIN ni ya jina lako au ya Baba Kulwa? Wenzako wa Sengerema wanasemaje, au nao wanadhani ni kodi? Nyakaliro dagaa bei gani wiki hii? Na utakuja lini? Daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, hakuna tena kungoja kivuko. Njoo siku ya kazi, twende wote ofisini kwa chemba ukaulize kwa mdomo wako.

Wako,
Mama Neema