Nimpokee mtoto, au namnyang'anya mama yake?

Shikamoo Shangazi,

Mdogo wangu alijifungua miezi mitano iliyopita. Siku za mwanzo alikuwa analia-lia, tukasema ni uchovu wa uzazi. Huzuni ile kwa kawaida haizidi wiki mbili, yake ikazidi. Alipompeleka mtoto chanjo, nesi alimuuliza yale maswali 10 ya dodoso la Edinburgh, linalotumika tangu 1987 kwa waliojifungua, akampeleka kwa daktari. Ni sonona. Sasa anaonana na mshauri kila wiki, na amepewa dawa ambayo daktari amemruhusu kuitumia huku ananyonyesha. Kwa hilo nashukuru sana.

Kinachoninyima usingizi ni mtoto. Anashiba, anaogeshwa, kilo zinapanda. Lakini mama yake humnyonyesha macho yakiwa ukutani, kimya. Juzi nilimwona mtoto ameachia titi, akamtazama mamaye usoni, akatabasamu. Akangoja. Akatoa kasauti, akangoja tena. Kisha akageuza shingo, akabaki anatazama pazia. Baadaye nikasoma kwamba mwanasaikolojia Edward Tronick alilionyesha jambo hilihili miaka ya 1970: mama akikausha uso dakika chache tu, mtoto humbembeleza, mwishowe hugeukia pembeni. Nililia.

Tangu hapo, nikirudi kazini tu namchukua, namwimbia, nacheka naye mpaka alale. Nilidhani nawasaidia wote wawili. Jana mdogo wangu akaniambia taratibu, "Wewe ndiye mama yake sasa," akaingia chumbani. Afadhali angenigombeza.

Shangazi, nimekwama. Nikimwacha naye, saa zinapita bila mtoto kusemeshwa. Nikimchukua, ni kama namthibitishia mdogo wangu kwamba hafai, na hilo ndilo ugonjwa unalomwambia kutwa.

Nimesikia upo msaada wa mama na mtoto kwa pamoja: mhudumu huwarekodi video wakicheza kidogo, kisha humwonyesha mama pale mtoto alipomwitikia, ajionee kwa macho yake kwamba anatafutwa. Mama mkwe wake anasema tungoje kwanza dawa zifanye kazi. Mimi naona miezi hii kwa mtoto hairudi. Tuuombe msaada huo sasa?

Na nikikaa nao jioni, nifanye nini ili mtoto arudi mikononi mwa mama yake badala ya kuzidi kunizoea mimi? Nimwambieje mdogo wangu niliyoyaona bila ya yeye kuhisi namshtaki?

Dada mkubwa